Yah: Malalamiko kuhusu kambi ya majira ya baridi, Minnesota, Marekani, 17–19 Januari 2025

Tanga,
3 Februari 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Ofisi Kuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hamjambo.

Hii ni mara ya tatu naandika. Barua pepe mbili za mwanzo hazikujibiwa, kwa hiyo hii naituma kwa basi, na atakayeipokea ofisini kwenu nimeomba asaini.

Mkataba mnao, masharti ya programu ya kubadilishana wanafunzi mnayo, orodha ya vifaa vya kambi mliiandika wenyewe. Sitawakariria. Ninachoomba mkisome kwa utulivu ni hiki: Jumamosi ya tarehe 18 Januari, wikiendi ambayo Minnesota ilikuwa imetangaziwa tahadhari ya baridi kali, binti yangu wa miaka 16 alimwambia kiongozi wa kambi kwamba haisikii miguu yake. Akaambiwa anadeka. Akapelekwa kukaa peke yake ndani ya basi lililozimwa injini, akaachwa humo kwa muda wa saa moja na nusu. Vidole viwili vya mguu wake wa kushoto vimeungua kwa baridi.

Nilipoanza kuandika barua hizi nilikuwa naomba mambo mawili tu: mnirudishie ada ya kambi, dola 210, ambazo kwetu ni zaidi ya laki tano, na mlipe kila kitu cha hospitali ambacho bima haikulipa. Hayo bado nayadai. Lakini tangu wakati ule nimesoma taarifa yenu ya tukio, na nitaifikia.

Ada ile niliituma Novemba kwa sababu karatasi yenu ilisema ndani yake kuna buti, suruali ya theluji na glavu. Watoto walipofika kambini Ijumaa usiku, buti za namba yake zilikuwa zimekwisha. Yeye anavaa 37. Akapewa za kiume, karibu 41 kwa namba za huku, na bitana ya ndani ilikuwa mbichi bado kwa maji ya waliozivaa kabla yake. Alisema. Akajibiwa zitakauka mguuni.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 22 huu, hapa Barabara ya 12. Kitambaa nakijua kwa vidole kabla sijakiangalia. Pamba ikilowa inayashika maji na kukaa nayo mwilini. Sufu hata ikilowa bado inatunza joto. Kwenye kikao chenu cha wazazi, Julai, nilisimama nikauliza mbele ya watu: soksi za aina gani? Afisa wenu akajibu, zozote nene, mengine watapewa kulekule. Nikaenda Ngamiani nikanunua jozi nne nene za pamba. Angesema sufu, ningefumua sweta na kufuma soksi kwa mikono yangu. Jambo hili linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika, kwa sababu niliuliza, na aliyepaswa kujua hakujua wala hakutafuta jibu.

Usiku ule wa kuamkia Jumapili nilikuwa macho, nina sare za harusi za kumalizia. Saa sita na dakika arobaini ujumbe wa sauti ukaingia. Kwao ilikuwa saa tisa na dakika arobaini alasiri. Sekunde chache tu: "Mama, siisikii miguu. Wameniweka kwenye basi." Nikapiga, simu haipatikani. Baadaye nimeelewa kwamba betri ilizimwa na baridi. Nikapiga namba yenu ya dharura, ile mliyotuambia inapokelewa saa 24. Ikaita mpaka ikakata. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu vivyo hivyo. Mara ya nne akapokea kijana, nikamsomea jina la mwanangu na namba yake ya programu, nikamwambia mtoto yuko kwenye basi, haisikii miguu. Akanijibu: "Mama, kule ni baridi kwa wote, atazoea." Nikamwomba apige kambini. Akasema ofisi ya Marekani itafunguliwa Jumatatu. Jumatatu yenyewe, tarehe 20, ilikuwa sikukuu ya Martin Luther King, na ofisi hiyo haikufunguliwa.

Sasa naomba nirudi kwenye lile basi, kwa sababu taarifa yenu imelipita kwa mstari mmoja.

Walikuwa juu ya ziwa lililoganda, wamepelekwa kuvua samaki kwenye matundu ya barafu. Kazi hiyo haina mwendo. Mtu anasimama palepale, anasubiri. Nyumba ya kambi ilikuwa ng'ambo ya ziwa, mwendo wa dakika ishirini, na basi lilikuwa limeegeshwa ufukweni. Mwanangu aliomba mara ya kwanza arudi ndani. Akaambiwa avumilie. Mara ya pili akasema wazi kwamba miguu imekufa ganzi. Kiongozi wa kambi akasimama mbele ya watoto kama thelathini, wa nchi mbalimbali, akasema maneno ambayo mwanangu amenitafsiria huku analia: kila mtu hapa ana baridi, ninyi mnaotoka kwenye joto mnapenda kudeka, kama hutaki kushiriki na wenzako nenda kakae kwenye basi. Wengine wakacheka. Akaenda peke yake. Hakuna mtu mzima aliyemsindikiza, na hakuna aliyerudi kumtazama.

Basi lilikuwa la baridi kama nje. Dereva hakuwepo, na funguo alikuwa nazo. Akakaa kiti cha nyuma, akavua buti, akavua soksi zilizolowa, akaifungua kanga niliyomfungia kwenye begi lake la mgongoni, akaizungushia miguu yote miwili. Kanga ikanyonya maji yaliyokuwa miguuni, kisha ikaganda. Ameniambia ilipokuja kufunguliwa ilisimama kama ubao, na mikunjo yake yote ikabaki ilivyokunjwa. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Alikuwa anasoma dua alizofundishwa na bibi yake, akisahau katikati anaanza upya. Aliyemkuta ni mwanafunzi mwenzake, kijana kutoka Ujerumani, amefuata begi lake. Huyo ndiye aliyekimbia kutafuta msaada, mtoto kama yeye.

Kiongozi alipofika alitaka asogezwe kwenye jiko la kuni. Ni mpishi wa kambi, mama mtu mzima, aliyemzuia. Mguu uliokufa ganzi hausogezwi motoni, kwa kuwa hausikii unapoungua. Mama yule akaiweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, akamshika mkono mpaka maumivu yalipokuja. Kwa mpishi huyo na kwa kijana yule naomba mnifikishie shukrani zangu. Hospitali alipelekwa Jumapili usiku na mama mwenyeji wake, wa familia anayoishi nayo kule, baada ya kurudi, kwa gari lake mwenyewe.

Na ninyi mkaandika: "Mwanafunzi alichagua kupumzika ndani ya basi."

Ndugu Mkurugenzi, hakuchagua. Alifukuzwa. Mtoto amesema ukweli mara mbili juu ya barafu, mama yake akausema mara ya tatu kwenye simu yenu, na bado karatasi yenye nembo ya kampuni inamwita mvivu. Sasa ananiuliza kama karatasi hiyo itaonwa na shule yake. Haniulizi vidole vitapona lini. Ananiuliza hiyo karatasi.

Kwa hiyo madai yangu si yale mawili tena. Taarifa ile ifutwe, iandikwe nyingine inayosema yaliyotokea, na nipate nakala. Kiongozi wa kambi amwandikie mwanangu kuomba radhi, kwa jina lake, na asikabidhiwe tena mtoto wa mtu. Kijana wa namba ya dharura naye ajibu. Na mratibu wa eneo, ambaye kanuni za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa wenye viza ya J-1, viza ya wanafunzi wa kubadilishana kama binti yangu, zinamtaka awasiliane na mwanafunzi na familia mwenyeji kila mwezi, aeleze kwa nini mara ya mwisho alizungumza na binti yangu mwezi Oktoba. Jambo hili nilipaswa kuanza nalo, kwa kuwa angekuwa anampigia, mtoto angekuwa na mtu mzima wa kumtafuta usiku ule.

Barua pepe ya kwanza niliwapa siku 30. Sasa nawapa siku saba kuanzia siku mtakayosaini kupokea hii. Ya nane ikifika bila jibu la maandishi, nitadai si ada ya kambi peke yake bali ada nzima ya programu. Malalamiko yatakwenda Tume ya Ushindani, na nakala nitaipeleka kwa mkono Ubalozi wa Marekani, Msasani. Kule Marekani mama mwenyeji yuko tayari kuandika wizarani kwao, na amekwisha kuniambia hivyo. Wazazi wenzangu wa kikao cha Julai nina namba zao, na wanne wana watoto wanaosajiliwa kambi ya Machi. Nitawaeleza kila neno lililomo humu kabla hawajalipa. Mwanasheria nimeshaonana naye.

Nimeambatanisha picha za vidole, cheti cha hospitali, risiti ya dola 210 na orodha ya simu nilizopiga usiku ule, na dakika zake. Ujumbe wa sauti uko kwenye simu yangu, na sitaufuta. Kanga binti yangu ameihifadhi.

Simu yangu iko wazi usiku na mchana.

Wenu katika kudai haki ya mwanangu,

Mama mzazi wa mwanafunzi,
Ngamiani, Tanga.