Cheti cha jengo la kijani kisomwe pamoja na mita

Ndugu Mhariri,

Tangu mfumo wa kutathmini majengo uitwao BREEAM uanzishwe Uingereza mwaka 1990, ukifuatiwa na LEED ya Marekani, vyeti vya majengo ya kijani, yaani yanayojali mazingira, vimeenea karibu kila bara. Ni hatua njema. Ila wengi hawajui kwamba cheti cha jengo jipya, kwa upande wa nishati, hutegemea zaidi makadirio ya kompyuta, si bili ya umeme. LEED, kwa mfano, hutoa daraja la dhahabu kuanzia alama 60 kati ya 110, na akiba ya nishati hupimwa kwa kulinganisha na jengo la kufikirika.

Kisha watu wanahamia. Feni zilizopangwa kuzimika jioni zinaachwa zikivuma usiku kucha. Kihisi cha joto kikipotoka nyuzi mbili tu, mfumo unaweza kupoza na kupasha hewa kwa wakati mmoja, na hakuna anayegundua kwa sababu vyumba vinabaki na hali nzuri! Seva (kompyuta za kuhifadhi data) ambazo hazikuhesabiwa kwenye makadirio nazo zinaongezeka.

NABERS, mfumo wa Australia wa kupima majengo, hutoa nyota kwa matumizi ya nishati yaliyosomwa kwenye mita kwa miezi 12, na nyota hizo lazima zihuishwe kila mwaka. Huo ndio utaratibu wa kuigwa. Wenye majengo wafunge mita tofauti kwa viyoyozi, taa na lifti, wakague vihisi na vali kila msimu, na wabandike mlangoni matumizi halisi ya nishati kwa kila mita ya mraba.

Mhandisi wa mifumo ya majengo