Kupima madhara ya simenti kusiishie kwenye vumbi tu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la simenti maana kila ikitoka ripoti ya mazingira ya kiwanda naona wanaongelea vumbi na kelele tu. Vumbi ni tatizo kweli, linaingia kwenye mapafu ya watu, sibishi, ila kuna kitu kikubwa zaidi hakionekani kwa macho.

Simenti inachangia kama asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Na watu wengi wanadhani ni moshi wa makaa ya mawe peke yake, hapana, jiwe la chokaa lenyewe likichomwa kwenye tanuru linaachia hiyo gesi na ndo karibu asilimia 60 ya tatizo, kwa hiyo hata ukiweka umeme wa jua kiwanda kizima bado gesi inatoka tu. Tanuru linafika nyuzi joto 1450 jamani!

Sasa tathmini inayoanzia getini na kuishia getini inatusaidia nini? Ipimwe kuanzia machimbo, maji, usafiri, mpaka jengo likibomolewa. Na waseme wazi klinka, yaani yale madonge yanayotoka kwenye tanuru na kusagwa kuwa simenti, ni kiasi gani kwenye kila mfuko, maana ukipunguza klinka ukachanganya udongo wa mfinyanzi uliochomwa au majivu ya makaa, gesi inapungua moja kwa moja. Hiyo namba iandikwe kwenye mfuko, mnunuzi aione.

Msomaji wenu