Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kwanza wa Ulezi wa Waandishi

Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama,

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Hesabu za mwaka mnazo mikononi na mweka hazina yupo, kwa hiyo sizisomi. Michango ilichelewa kama kawaida yetu. Paa la chumba cha vitabu limezibwa. Muda wangu nautumia kwa jambo moja, maana nina deni nalo.

Mwaka jana tulipopitisha mpango wa kuwalea waandishi vijana walio kazini (wengine huuita feloshipu, sisi tuliandika ulezi, na neno hilo nalipenda zaidi), mzee mmoja alisimama akauliza: kijana ana kazi, ana mshahara, Jumamosi yake aje akae jamvini aambiwe hadithi yake mbovu, apate nini? Nilibabaika. Nikataja vipaji, nikataja fursa. Mzee akakaa, hakuridhika, na hakukosea.

Nimjibu leo. Walianza vijana 12, wakamaliza 9. Mmoja kazi yake ni kutoa mizigo ya wateja bandarini Kilindini, hapa Mombasa. Hadithi yake ya kwanza ilifunguka hivi: "Kontena lilikuwa limefunguliwa." Mlezi akamuuliza, nani kalifungua? Hajui. Lini? Hajui. Na wewe unayesimulia ulikuwa wapi? Kimya. Wiki tatu alipambana na sentensi hiyo moja, na alipoiweza hadithi nzima ikapinduka, kwani aliyelifungua ni msimulizi mwenyewe. Baadaye akanionyesha barua ya ofisini kwao, ya kupinga gharama za kontena kukaa bandarini kupita siku zake. Kila tendo lina mwenyewe, kila kauli ina tarehe. "Mwenyekiti," akaniambia, "zamani ningeandika tu kwamba ucheleweshaji ulitokea." Gharama hazikufutwa zote. Ila sasa barua ngumu zote mkubwa wake anamrundikia yeye, na analalamika kwamba mshahara ni ule ule.

Faida hiyo haikuwamo kwenye mpango wetu. Tuliandaa watu waandike hadithi, kumbe ofisi zao ndizo zilizoonja kwanza.

Halafu kuna suala la kusomwa. Mji huu haukosi waandishi. Simu zetu zimejaa mashairi, na kila shairi lina mashallah zake. Kusifiwa tunasifiwa, kusomwa hatusomwi. Kwetu kazi hutumwa Alhamisi kabla ya saa nne usiku, na Jumamosi baada ya Alasiri husomwa kwa sauti na mtu asiyeiandika. Mwenye kazi hana ruhusa ya kujitetea hadi wote waseme. Ukisikia mwenzako anakwama katikati ya sentensi yako, tena mara mbili, huhitaji kufafanuliwa zaidi.

Utaratibu huo una makali, na hapa nina la kukiri. Katika watatu waliotuacha, wawili walibadilishiwa zamu kazini. Wa tatu, muuguzi, aliondoka kwa sababu wiki ya pili alichekwa, na mimi nilikuwapo na nilicheka. Nilimfuata kwao Mikindani kumtaka radhi. Alinipikia chai, tukazungumza vizuri, hakurudi. Tangu siku hiyo mlezi ndiye anayetangulia kusema, naye huanzia pale ambapo kazi imesimama imara.

Ukumbi tulioahidiwa bure uligeuka wa kulipia mwezi wa pili. Tukahamia barzani kwa mwanachama mwenzetu, Kibokoni, na kusema kweli tulipata afadhali: kahawa tungu, kashata, na adhana ya Magharibi inayotukata maneno bila mtu kuudhika. Hapo ndipo palipozuka ubishi wa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Kijana aliandika "ndoo hapa," mwingine akasahihisha "njoo". Nusu ya kikao iliishia hapo. Nawakumbusha kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya lugha ya mwaka 1930 ilikuta mambo yameshaamuliwa. Kimvita hakikushindwa kwa ubovu. Tumekubaliana wahusika waseme kwa ndimi zao, na msimulizi achague mwenyewe, mradi asiyumbe.

Wapo wanaosema uandishi ni wa walimu na maprofesa. Mshairi Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huu, alikuwa kijana wa kazi ya hesabu katika baraza la mji alipofungwa mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka kitabuni mwaka 1973. Sisemi tufungwe! Nasema karani naye ana la kusema.

Kikao kilichowashtua wengi kilikuwa cha wakili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwandishi haki ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini ulichoandika kama sehemu ya kazi uliyoajiriwa, kwa kawaida ni cha mwajiri. Binti mmoja alifunga kompyuta ya ofisi papo hapo. Wakili akatuonya pia tusiingie popote panapodai ada ya kujiunga kisha panataka tuachie haki zote. Someni mnachotia sahihi.

Tusichokipata nacho nikiseme: kitabu hakuna, na hakuna aliyelipwa hata shilingi. Hadithi moja imekataliwa mara mbili. Inaandikwa upya.

Kwa mwaka ujao naomba mkutano upitishe mambo mawili. Walezi warudishiwe nauli, maana mmoja huvuka feri ya Likoni kila Jumamosi kwa fedha zake. Na wa zamu za usiku wapate kikao chao cha asubuhi. Wanachama mlioajiri vijana, nawaomba msiwapangie kazi Jumamosi alasiri bila sababu.

Anayetaka kuingia alete kurasa tatu zake mwenyewe, hadithi, shairi au insha, ampe katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Vyeti vya shule hatuviulizi. Yule muuguzi nimempelekea mwaliko tena. Bado sijapata jibu.