Usiitupe mbuzi ya bibi

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hamjambo huko Tanga. Barua yako nimeipata, nawe wauliza kama ile mbuzi ya kukunia nazi aliyowaachia bibi ni ya kutupwa, maana ulimi unacheza na nazi inatoka mapandemapande. Tafadhali usiitupe! Ubovu wote uliousema uko kwenye ulimi. Mbao bado nzima. Chombo cha bei ndogo kama hicho kikitunzwa humkunia bibi, kikamkunia mama, kikamkunia na mjukuu, kwa kuwa hakina mengi ya kuharibika: mbao mbili zilizopishana kama marufaa ya msahafu, chuma kinachozishika pale zinapopishana, ulimi wenye meno, na misumari miwili mitatu.

Anza na meno. Nazi ikitoka mapande, meno ni butu. Nunua tupa ndogo ya pembe tatu, mtu aikalie mbuzi isitikisike, nawe upitishe tupa katika kila pengo baina ya jino na jino. Sukuma mbele tu. Wakati wa kurudi iinue, kwani tupa haikati ikirudi, na ukiiburuta inakufa yenyewe. Mara 3 au 4 kwa kila pengo zatosha. Hesabu kwelikweli, meno yabaki sawa, kwa sababu jino lililowazidi wenzake hulima nazi mifereji na kutoa chembe nene zisizokamulika. Usizichonge ncha zikawa kama sindano, zitapinda ukifika kwenye nazi ngumu. Ukimaliza, sugua upande wa chini wa ulimi kwa jiwe la kunolea, taratibu, kutoa vinyweleo vya chuma vilivyobaki, kisha osha na ufute vizuri kabla nazi haijaguswa.

Meno hayo huuawa na kifuu. Nyama ya nazi ni laini, haiwezi kulitia chuma ubutu, lakini kifuu ni kigumu na kila unapokigonga jino linapoteza makali. Kwa hiyo shika kizio kwa mikono miwili, anzia ukingoni, kizungushe kidogokidogo huku ukiingia ndani, na ukiona rangi ya kahawia acha hapo. Hiyo ngozi ya kahawia hulitia tui weusi, na nyuma yake ndipo kifuu kilipo. Wengi hung'ang'ania kukwangua mpaka mwisho wasipoteze nazi. Wanachokipata ni kijiko kimoja cha machicha meusi, na meno yanaisha. Mkono ukianza kutumia nguvu, simama unoe. Kizio huteleza kwenye meno butu, kikakupeleka vidole juu ya ulimi.

Sasa huko kucheza kwa ulimi. Usigongelee msumari uleule. Tundu limeshapanuka, na kila nyundo inazidi kuupasua ubao. Ung'oe, ziba tundu kwa kijiti kikavu cha mwanzi kilichopakwa gundi ya mbao, ukiache siku nzima kikauke. Kisha mpe fundi seremala atoboe tundu jipya, ulimi na ubao pamoja, sentimita 2 hivi kutoka pale pa zamani, atie bolti ya milimita 6 yenye washa na nati upande wa chini. Zikiwa bolti mbili, zisikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi za ubao. Zipishane kidogo, la sivyo ubao utapasuka kufuata mstari huo. Bolti ina faida nyingine: ikilegea unaikaza kwa spana, basi.

Na sababu ya kulegea ni maji. Mbuzi ikilowekwa pamoja na masufuria, ubao unavimba. Ukikauka unasinyaa, na tundu la msumari linabaki pana kuliko jana. Osha ulimi peke yake, kwa maji ya moto na sabuni na brashi ya kuingia kati ya meno, kwani mabaki ya nazi huvunda upesi. Ubao ufute tu kwa kitambaa kibichi. Ulimi ukishakauka, upake mafuta ya nazi tone moja kwa kidole kuzuia kutu. Kutu iliyokwisha ingia itoe kwa msasa, haina haja ya kukutisha. Usiianike juani mchana kutwa, ubao utapasuka. Jua la asubuhi kwa muda wa saa moja latosha. Wala usiiache sakafuni, mchwa na unyevu huanzia chini.

Blenda nayo haina ubaya, na siku ya shughuli yenye nazi 20 itakuokoa. Ila kwa nazi mbili za wali wa kilo moja, kumenya ngozi ya kahawia, kukatakata na kuosha jagi huchukua muda mrefu kuliko kukuna.

Ukitaka kumnunulia binti yako nyingine, ikalie hapohapo sokoni uone kama inayumba, kisha bonyeza ulimi kwa kidole gumba. Ukipinda, hilo ni bati, iache.

Na hiyo ya bibi itundike kwenye msumari imara, ulimi ukielekea ukutani, watoto wasije wakajikwaruza.

Nisalimie mama na wote nyumbani.

Shoga yako,
Rukia