Dada wa skafu ya kijani, asante sana

Yule dada tuliyekaa naye meza moja siku ya kwanza kazini hapa Columbus, Marekani, sijui hata jina lako ila asante sana aisee. Mi nilikuwa natafuta pa kuandika sifuri kwenye ile W-4, fomu ya kumwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, maana braza alishaniambia ukiweka sifuri wanakukata nyingi afu unarudishiwa, kumbe mambo ya alawansi, ile namba ya kupunguza makato, yalifutwa tangu 2020, fomu haina hata hako kasehemu! Ukacheka, ukaniuliza, "Mdogo wangu, mumeo anafanya kazi?" Nikasema ndio. Ukaweka kidole hatua ya 2, ukasema tia tiki kwenye haka kaboksi, na yeye kwake atie pia, la sivyo kila mwajiri anakata kama vile mshahara wake ndo pekee unaoingia nyumbani, Aprili mnadaiwa kodi. Na watoto tuwaandike fomu moja tu, ya mwenye mshahara mkubwa. Nilinuna kidogo nilivyoona cheki ya kwanza, imepungua kweli, lakini mwaka wa nyuma tulidaiwa dola 1,100 jamani, safari hii tumerudishiwa 240. Nimenunua gunia la mchele. Pilau yako ipo, we njoo tu.