Ardhi tupu nayo ina bei

Mhariri,

Hapa Tanzania, katika mikutano ya kutwaa maeneo kwa ajili ya barabara na miradi, kauli moja haijafa: "Ardhi ni ya serikali, wewe utalipwa nyumba na mazao yako." Ikishatamkwa, watu hunyamaza. Ilikuwa na mashiko mwaka 1967. Leo haina.

Mzizi wake ni mrefu. Tangazo la Wajerumani la 1895 liliifanya ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya dola yao, na wao ndio waliokuwa waamuzi wa nani mwenyewe. Waingereza, kwa sheria ya 1923, wakaiweka ardhi chini ya Gavana. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ikashika njia hiyohiyo: fidia ni ya maendelezo, yaani nyumba, mazao na vingine vilivyowekwa juu ya ardhi; kiwanja kitupu hakina malipo.

Mambo yaligeuka kwa shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Rufaa ya Madai Na. 31 ya 1994. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilisema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, na humo thamani ya ardhi yenyewe imo ndani ya fidia. Sheria ya 1967 haijafutwa, lakini inapogongana na Sheria ya Ardhi, kifungu cha 181 cha Sheria ya Ardhi kinaipa nguvu Sheria ya Ardhi.

Kwa hiyo jedwali la fidia lisomwe safu kwa safu. Ardhi na maendelezo kwanza, kwa bei ya soko. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo na wastani wa riba ya amana za muda maalumu za miezi 12 katika benki za biashara: mali ya shilingi milioni 20, riba tuseme asilimia 7, ni shilingi 1,400,000. Posho ya makazi ni kodi ya pango ya mwezi mara 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mwenye biashara hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36, na hapo wenye vibanda huumia, kwa kuwa hawana hesabu za kuonyesha. Shamba lisilokaliwa na mtu halipati posho ya makazi, usafiri wala faida. Ya usumbufu linapata.

Kinachoharibu zaidi ni karatasi zetu wenyewe. Bei ya soko hutafutwa kwa mauzo ya karibuni ya maeneo yanayofanana, nasi huandika milioni 3 kwenye mkataba wa mauziano wa kiwanja cha milioni 12 ili kodi iwe ndogo. Mthamini akija, anakutana na hiyo milioni 3. Wengine husaini fomu ya uthamini kabla safu hazijajazwa, wakaja kugundua baadaye kuwa kisima hakimo, au migomba michanga imeandikwa lakini miembe imesahauliwa. Hesabuni pamoja na mthamini, sainini baada ya kujaza, bakini na nakala.

Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, riba huhesabiwa, japo wengi hawaidai. Na chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, uthamini wa fidia uliofikisha miaka 2 bila kulipwa hurudiwa.

Ombi kwa gazeti lako: mnapoandika kwamba kaya fulani zimelipwa jumla ya mabilioni kadhaa, ulizeni kiasi gani cha hizo ni cha ardhi.

Msomaji,
Morogoro