Mteja sio mjinga, ile bei iliyopigwa mstari ndo inamchezea

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika kwamba watu wanaishiwa hela kwa sababu hawana nidhamu, wanaona kitu wananunua. Mi nimeuza mabegi na viatu miaka mingi tu kabla sijaacha hiyo kazi na nasema hapana, au tuseme sio kirahisi hivyo.

Mteja anaingia anasema "naangalia tu". Sawa, humbishii, unachukua begi unampa. Sio unamwonyesha, unampa mkononi alishike, alivae begani, asogee kwenye kioo. Akishajiona nalo kwenye kioo basi lile begi limeshaanza kuwa lake, ukimwambia nipe nirudishe anakutazama kama unamnyang'anya. Bosi wangu wa kwanza ndo alinifundisha hiyo na mi nikajua ni ujanja wa wauzaji tu, kumbe wasomi wameshaupima zamani, mwaka 1990 kina Kahneman, Knetsch na Thaler waliandika kuhusu majaribio ambayo wanafunzi wengine walipewa vikombe wengine hawakupewa, halafu waliopewa wakaulizwa wangeviuza kwa bei gani, wakataja kama mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa. Kikombe kilekile, na hata hawajakaa nacho!

Sasa tuje kwenye bei maana hapo ndo penyewe. Huyohuyo Kahneman na mwenzake Tversky, 1974, walieleza jaribio la gurudumu la namba, wamelichezea lisimame kwenye 10 au 65 tu. Likishasimama mtu anaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioona 10 makadirio yao ya katikati yalikuwa 25, walioona 65 wakaenda 45. Jamani, gurudumu na Umoja wa Mataifa wapi na wapi? Lakini namba ikishaingia kichwani inakaa hapohapo na wewe unapimia hiyo. Sasa kama gurudumu linaweza, vipi lebo yenye bei kubwa iliyopigwa mstari mwekundu na ndogo chini yake, mtu hajiulizi tena hiki kitu kinastahili shilingi ngapi, anaangalia ameokoa ngapi, anatoka anafurahi kabisa na hela imeshatoka.

Na ukimuuliza kwa nini umenunua atakwambia nimependa rangi. Hadanganyi, ndivyo anavyojua yeye.

Kwenye simu ndo balaa zaidi. Juzi nilikuwa naangalia viatu kwenye apu moja (siitaji), imeandikwa ofa inaisha baada ya dakika 10, saa inarudi nyuma, sekunde zinakimbia, pembeni "zimebaki pea 2". Moyo unaenda mbio, mi ambaye nayajua haya mambo! Nikafunga apu nikaenda kuoga, narudi nafungua, dakika 10 zimeanza upya na pea bado ni 2. Sasa mtu aliyechoka, ametoka kazini, hana muda wa kufanya jaribio kama langu, atalipa tu. Huyo nidhamu yake imekosea wapi hapo?

Sisemi kila mnunuzi ameonewa, wapo wanaonunua ili jirani aone na hao wana kesi yao. Ila badala ya kuwahubiria wanunuzi kila siku, tuwaulize wauzaji swali moja, hiyo bei ya zamani ilitumika lini? Umoja wa Ulaya wameshaweka sheria, tangu Mei 2022 muuzaji akitangaza punguzo inabidi aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia ndani ya siku 30 kabla ya hapo, ingawa wameruhusu vitu vichache kama vinavyoharibika haraka viwe na utaratibu wake. Sio jambo gumu.

Nasema haya kwa sababu mi mwenyewe nimekaa chini na kalamu nyekundu nikaandika bei za zamani ambazo hazikuwahi kuwepo, bosi kasema andika, nikaandika, nikapiga mstari. Na yale mabegi ndo yalikuwa yanaisha kwanza.

Ni mimi,
Muuza mabegi wa zamani